Kona iliyoachwa wazi: kisa cha njia panda ya Bomang'ombe

Mama aliyeanguka na baiskeli pale Bomang'ombe, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, alivunjika mtulinga wa kushoto, akakaa na mkono shingoni wiki sita. Mtu aliyetakiwa kuwepo kwenye ile njia panda ni mimi, na nilikuwa nimeondoka dakika 16 kabla hajafika. Ninaandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Ninawafikiria wenye pikipiki wanaojitolea kuongoza misafara ya baiskeli ya hisani, na zaidi wale wanaoiandaa, maana nimekuja kuona kwamba kosa langu lilishaandaliwa tangu jioni ya kuamkia siku ile, kwenye kikao, wote tukiwa tumekaa tunakunywa chai.

Msafara ulikuwa wa kuchangia vifaa vya wodi ya watoto njiti. Nilikubali kabla sijamaliza kuelezwa. Binti yangu alizaliwa wiki ya 31 akiwa na gramu 1,450, na kwa siku 22 mama yake alimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, kwenye wodi ambayo vitanda vilibanana mpaka manesi wanapita kwa ubavu. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna watu watapanda baiskeli karibu na tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, na wanatafuta wenye pikipiki wa kuwalinda njiani, nilitoa namba yangu ya simu nikaenda kubadilisha oili.

Kazi yangu ni ugani. Siku tano za wiki nashinda juu ya Honda XL 125, mashambani na barabara kuu, na hii ya Arusha kwenda Moshi naijua mashimo yake mpaka yale yaliyozibwa. Nilidhani hiyo inatosha.

Washiriki walikuwa 140, kutoka Usa River hadi Moshi, kilomita kama 60. Waandaaji walichagua kuanzia Usa River ili kukwepa msongamano wa mjini Arusha hadi Tengeru, na hapo walifanya jambo la busara. Kutoka Usa River kwenda mbele barabara ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Juu yake yanapita mabasi ya Dar es Salaam, malori ya mizigo, Hiace za Moshi, watalii wa KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na Fuso za mchanga na saruji. Haikufungwa. Kibali cha polisi kilituruhusu sisi kupita, hakikumzuia mtu mwingine yeyote kupita. Tulipewa trafiki wawili, mmoja kwenye gari lililotangulia mbele na mwingine akingoja Moshi. Nyuma kulikuwa na gari la wagonjwa na Canter moja ya kubeba waliochoka na baiskeli zilizoharibika. Katikati ya hayo yote tulikuwa sisi, pikipiki tisa.

Kwenye kikao tuliwekewa ramani ukutani. Karibu nusu ya muda iliishia kwenye mteremko wa Kikafu, mbele ya Bomang'ombe. Anayepita barabara ile anaelewa kwa nini: unateremka kwenye daraja, malori yanapumua nyuma yako, na ukikosea hakuna pa kukimbilia. Pikipiki tatu zikapangiwa Kikafu. Bomang'ombe ikapewa mtu mmoja, ikatajwa kwa sentensi moja, tukaendelea.

Mfumo wetu tuliuita kurukiana. Pikipiki inatangulia mbele ya wa kwanza, inasimama kwenye njia panda, inangoja wote wapite, kisha inaupita msafara na kwenda kushika kona nyingine mbele. Amri ya kuondoka ilikuwa moja tu: kaa mpaka ufagio upite. Ufagio ni pikipiki inayotembea nyuma ya baiskeli ya mwisho kabisa. Jina hilo lina ukoo wake kwenye mashindano makubwa. Tour de France imekuwa na gari la ufagio tangu mwaka 1910, linalowaokota walioshindwa kuendelea. Mfumo wa kurukiana nao umetoka hukohuko kwenye mashindano, na hapo ndipo mzizi wa kisa chetu ulipo.

Kwenye mashindano barabara hufungwa kwa ajili ya msafara, na anayebaki nyuma mno huondolewa. Kati ya wa kwanza na wa mwisho mara nyingi pana dakika chache. Watu wa Kigali wanaosimama kando kuangalia Tour du Rwanda wanaona hilo kila mwaka: kishindo kinakuja, kinapita, gari la mwisho hilo, watu wanavuka barabara kurudi kwenye shughuli zao. Msafara wa hisani haumwondoi mtu. Aliyelipa mchango wake na kuja na baiskeli ya mtoto wake ana haki ya kufika saa yake.

Sasa hesabu ambayo hakuna aliyeipiga jioni ile, mimi nikiwemo. Kutoka Usa River hadi Bomang'ombe ni kilomita 30 na ushei. Vijana wa mbele, wenye baiskeli nyepesi na miguu iliyozoea, walikwenda kilomita 28 kwa saa. Wa nyuma, manesi, walimu, wazee wa kanisa, walikwenda 14. Wa kwanza anafika Bomang'ombe baada ya saa moja na dakika kama sita. Wa mwisho anatumia saa mbili na dakika 13. Maana yake aliyepangiwa Bomang'ombe ana zaidi ya saa nzima ya kusimama. Lakini Maji ya Chai, ambako tulianzia kazi, tofauti ni dakika kumi hivi. Pale nilisimama, wakapita kama maji ya mfereji, ufagio ukatokea nyuma yao, nikapiga honi moja ya kuagana nikaondoka. Mwili wangu ukajifunza hapo kwamba msafara unachukua dakika kumi.

Nilifika Bomang'ombe saa 1:30 asubuhi. Ukitokea Arusha, barabara ya Sanya Juu inachepuka kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo baiskeli zinazokwenda Moshi zinapita moja kwa moja mdomoni mwa barabara hiyo. Gari linalotoka Sanya Juu likitaka kuingia barabara kuu linakutana nazo. Baya zaidi ni gari linalotoka Moshi likitaka kukata kulia kwenda Sanya Juu, kwa sababu ni lazima likatize njia ya baiskeli, na dereva wake macho yote yako kwenye magari makubwa yanayokuja usoni. Baiskeli kwake ni kitu kilichopo pembeni siku zote, na kichwani mwake inakwenda mwendo wa mtu aliyepakia majani ya ng'ombe.

Wa kwanza walipita saa 1:37. Nilikuwa na bendera nyekundu na reflekta ya njano, nimeegesha pikipiki nje ya lami, nimesimama kabla ya kona ili madereva wa pande zote mbili wanione. Nilifanya kazi. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu lina maana kwenye uchambuzi: kwa dakika 48 kila dereva aliyefika pale alikuta mtu, akaona bendera, akasubiri, wengine wakinisalimu, wengine wakiguna. Mwanzoni baiskeli zilikuja makundi ya ishirini. Baadaye kumi. Baadaye watatu watatu, kisha kimya cha dakika nne, kisha mmoja. Jua lilishapanda na upepo wa uwanda wa KIA ulikuwa unawapiga usoni, wakawa wanafika wameinama.

Saa 2:25 simu ya upepo ilianza kupiga kelele. Kikafu kulikuwa na lori limeharibika upande wa kushoto katikati ya mteremko, na baiskeli zilikuwa zinalazimika kuingia katikati ya barabara ili kulizunguka. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye hofu. "Tunahitaji mwingine huku, aliye nyuma aje haraka." Kwangu zilikuwa zimepita dakika saba bila baiskeli. Wakati huohuo wakatokea sita pamoja, na nyuma yao pikipiki, mpandaji amevaa reflekta ya njano. Akaninyanyulia mkono. Nikamnyanyulia wangu. Ufagio huo, nikajisemea. Nikakunja bendera, nikawasha, nikaenda Kikafu.

Haukuwa ufagio. Alikuwa mwenzetu wa njia panda ya KIA, naye ameisikia ileile sauti ya Kikafu, ameacha kona yake akijua kwamba mimi wa mbele yake bado nipo. Wote tisa tulivaa reflekta za rangi moja. Ufagio wa kweli ulikuwa kilomita kama nne nyuma, umesimama na mzee aliyepata pancha, na kati yake na mimi kulikuwa na watu tisa ambao sikujua kwamba wapo, kwa sababu tangu asubuhi sikuhesabu hata mmoja.

Mama alifika njia panda saa 2:41 na wenzake wawili, yeye akiwa mbele. Ni nesi, ana miaka 58, baiskeli aliazima kwa mpwa wake. Fuso ya saruji ilikuwa inatoka upande wa Moshi, imewasha taa ya kulia, imepisha basi, ikakata. Kwa mwendo wa mama wa kilomita 18 kwa saa, sekunde moja ni mita tano. Fuso iliyopakia inahitaji sekunde tano au sita kuvuka. Alipoliona limeshaziba njia yote akafinya breki ya mbele, na ukingoni pale kuna mchanga unaomwagwa na magari yanayotoka barabara ya vumbi. Gurudumu la mbele likateleza, akaangukia bega. Dereva alikanyaga breki, tairi lake la mbele likasimama hatua moja kutoka kichwani mwake.

Niliporudi nilikuta matawi mabichi ya mti yamepangwa barabarani pande zote mbili, kuanzia mbali kabisa, na bodaboda wawili wamesimama wanapunga mikono kupunguza mwendo wa magari. Vijana wa kijiwe cha pale. Hakuna aliyewaomba. Walikata matawi, wakazuia watu wasimnyanyue mama kwa pupa, na muuza ndizi akafungua kitenge chake cha begani akautundika ule mkono jinsi mama mwenyewe alivyomwelekeza, kwa sauti ya kazi, kama yuko wodini. Gari la wagonjwa lilitumia dakika 11 kufika. Nilishika kofia yake ngumu kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. Upande wa kushoto ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kuanzia ukingoni hadi juu ya sikio. Huo ufa ungekuwa mahali pengine kama angekataa kuivaa, na alinieleza baadaye kwamba asubuhi ile alikaribia kuikataa kwa sababu ilimbana.

Wiki iliyofuata nilianza kuwatafuta watu wote waliokuwepo, mmoja mmoja. Si kwa kuagizwa. Sikuwa napata usingizi.

Dereva wa Fuso nilimpata kwa kupitia wale bodaboda. Nilikwenda nikitarajia mtu mkali. Alinikaribisha kiti, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi tangu Moshi nilikuwa nakutana na watu wenu kila kona. Weruweru nimesimamishwa, Kwa Sadala nimesimamishwa. Nikafika Boma, hakuna mtu. Nikajua imeisha." Nilimwomba arudie. Akarudia vilevile.

Mama nilimfuata nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula, akaita chai. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, akaniacha nikayamaliza. Kisha akasema, "Mwanangu, kila palipokuwa na hatari nilikuta kijana na bendera. Pale sikuona mtu, nikajua hapa hapana shida, nikaendelea."

Nimeyabeba maneno ya wale wawili mpaka leo. Hawajawahi kukutana. Mmoja alikuwa kwenye Fuso na mwingine kwenye baiskeli ya kuazima, wametazama kona ileile kwa dakika ileile, na wote wawili wameisoma namna moja: hakuna mtu, basi pako salama. Kutokuwepo kwangu kulikuwa ishara, na niliitoa mimi kwa pande zote mbili. Kama tangu asubuhi pasingekuwa na mtu Bomang'ombe, yule mama angefika pale kama anavyofika siku nyingine zote, akipunguza mwendo, akitazama nyuma na mbele kama tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Na dereva angekata kama anavyokata siku zote, kwa kuchungulia. Tuliwazoesha kwa kilomita 30 kwamba kuna anayetazama kwa niaba yao, halafu nikaondoka bila kuwaambia.

Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kazi ya mwenye pikipiki kwenye msafara wa namna hii, naanza na kuondoka. Kusimama ni rahisi. Swali linalotakiwa kujibiwa kwenye kikao ni nani anaruhusiwa kuondoka, saa ngapi, na amejuaje. "Mpaka ufagio upite" ni jibu zuri iwapo ufagio haufanani na kitu kingine chochote barabarani. Kwetu ulifanana na pikipiki nyingine nane.

Kuna jambo la sheria nalo. Anayesimamisha gari barabarani kwa mamlaka ni askari mwenye sare, na Sheria ya Usalama Barabarani ndiyo inayompa nguvu hiyo. Mimi na bendera yangu tunaomba tu. Madereva wengi wanakubali kwa ustaarabu, na ukishakubaliwa mara hamsini unasahau kwamba ulikuwa unaomba. Mbaya zaidi ni ule mkono wa "pita, pita" ambao sote tunautoa tukiwa tumechoka. Ukimwonyesha dereva apite umeshachukua macho yake. Niliufanya mara nyingi asubuhi ile na sitaki tena kumwona mtu wa kujitolea akiufanya. Ninachofundisha sasa ni kwamba kwenye barabara isiyofungwa tunawaongoza wa baiskeli kwanza. Tunawaonya kabla ya kona, tunawapunguzia mwendo, ikibidi tunawasimamisha. Wao ndio walioandikishwa kutusikiliza. Gari likisimama kwa hiari, tunashukuru.

Halafu pikipiki zenyewe. Kutoka Bomang'ombe hadi Kikafu niliwapita washiriki wengi sana kwa haraka, kila mmoja nikimpita karibu kuliko nilivyopaswa. Hakuna aliyeanguka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeliuliza. Lakini mwezi Machi 2016, kwenye mashindano ya Gent–Wevelgem, Mbelgiji Antoine Demoitié alianguka na wenzake, akagongwa na pikipiki iliyokuwa ndani ya msafara, akafariki. Mwezi Mei mwaka huohuo, kwenye mashindano ya kuzunguka Ubelgiji, ajali iliyohusisha pikipiki mbili za msafara ilimwacha Stig Broeckx akiwa hajitambui kwa muda mrefu. Wale walikuwa wapanda pikipiki waliozoea, kwenye mashindano yaliyopangwa na watu wa kazi hiyo. Kila mara mfumo wa kurukiana unapomtaka mtu aupite msafara mzima ili afike mbele, unanunua usalama wa kona kwa hatari ya njiani. Ukiwa na watu 140 waliotawanyika kilomita 20, bei hiyo ni kubwa mno.

Na ile sauti ya Kikafu? Sikatai kwamba kulikuwa na shida ya kweli kule. Lori lilikuwepo, mteremko ulikuwepo. Lakini ombi lilitolewa kwa wote, "aliye nyuma aje", na kila aliyelisikia alijihesabu kuwa ndiye. Tungekuwa na mtu mmoja wa kupokea maombi na kutaja kwa jina la kituo nani aende na nani abaki, mwenzangu wa KIA na mimi tusingeondoka wote wawili. Tulitumia redio moja, watu tisa, bila msemaji. Nilipowaeleza waandaaji hivi, mmoja wao alisema tulipungukiwa pikipiki. Sikubaliani naye hadi leo. Tungekuwa kumi na tano tungekimbilia Kikafu kumi na moja.

Waandaaji hawakunifukuza. Waliniita kwenye kikao cha mwaka uliofuata wakaniambia, haya, wewe umekaa na jambo hili mwaka mzima, sema. Nikasema mambo machache.

La kwanza lilikuwa la saa. Mwanzo tuliwatoa wote pamoja kwa sababu picha inapendeza. Safari hii tuliwatoa wa polepole saa 12:15, kumeshakucha, wa katikati dakika 20 baadaye, na vijana wa mwendo saa 1:00 kamili. Vijana walilalamika kwamba watakuwa wanawapita wazee njiani. Wakawapita, kwa salamu, na wazee wakafurahi kuwaona badala ya kuachwa nao tangu mita ya kwanza. Kwa hesabu ya karatasi, Bomang'ombe ilitakiwa ipitwe na wote ndani ya dakika 22 badala ya 67. Siku yenyewe zilikuwa 26. Katika yote tuliyobadilisha, hili halikugharimu hata shilingi, na ndilo lililosaidia kuliko mengine.

La pili, njia panda zote kubwa tuliwapa vijana wa bodaboda wa palepale, wawili wawili, wakae mwanzo hadi mwisho, walipwe mafuta na chakula. Wao wanajua gari gani hukata bila taa, wanajua mchanga unakaa upande gani, na madereva wanawafahamu kwa sura. Mmoja wao alikuwa yule aliyekata matawi. Pikipiki zetu zikabaki kutembea na makundi tu, bila kurukiana. Ufagio zikawa mbili, wapandaji wamevaa nyekundu tupu na bendera ndefu ya kijani nyuma, na rangi nyekundu ikakatazwa kwa mtu mwingine yeyote.

La tatu ni kuhesabu. Kila kona ikawa na mtu wa kuketi na kalamu.

Bomang'ombe aliketi mama. Mkono ulishapona ingawa alisema asubuhi za baridi unamkumbusha. Alisema baiskeli ataacha kwa mwaka mmoja zaidi, ila kuandika namba anaweza. Alikuja na kiti chake cha plastiki, mwavuli, na daftari la mistari la shule, akaketi kivulini mita kumi kutoka pale alipoangukia, akaandika namba ya kila fulana iliyopita. Mimi nilisimama na wale bodaboda wawili. Tuliweka matawi mapema, pande zote tatu.

Mwaka huo walijiandikisha 152. Ilipofika saa 2:33 kulikuwa na kimya kirefu, na nikajikuta natazama upande wa Kikafu. Simu ya upepo ilikuwa tulivu. Nikamuuliza mama amefikia wangapi.

"Mia na arobaini na nane."

Nikaita Canter nikauliza wamebeba wangapi. Wakajibu watatu, wawili wameshindwa na magoti na mmoja mnyororo umekatika. Kijana wa bodaboda alijumlisha kabla yangu. "Bado mmoja, kaka."

Alitokea dakika nne baadaye, mwalimu mstaafu, amefungua vifungo vya shati, anakanyaga taratibu sana. Mama alisimama kumsoma namba, akaiandika, akafunga daftari. Nyuma yake zikafuata zile mbili nyekundu na bendera za kijani. Tukaingia barabarani kuokota matawi, moja moja, mpaka lile la mbali kabisa upande wa Moshi.